Wimbo wa Harusi Isiyofanyika

Masomo: Hosea 6:4, Wimbo Ulio Bora 8:7, Ufunuo 2:1–7



Mwezi huu nimeona vema tuzungumze juu ya ndoa, hasa juu ya upendo unaopoa ndani ya ndoa. Mlango wa kuingilia katika mazungumzo yetu utakuwa wimbo mmoja ambao sina haja ya kumfundisha mtu, maana kila mmoja wetu aujua. Ni wimbo uitwao "Malaika".

Ni harusi ngapi tumezihudhuria ambazo wimbo huo haukupigwa? Msafara ukipita Msamvu na matarumbeta mbele, ndio unaosikika. Bibi harusi hutabasamu, mashangazi hupiga vigelegele, na wazee hutikisa vichwa kwa furaha. Lakini je, tumepata kuyasikiliza maneno yake? Huo si wimbo wa harusi. Ni wimbo wa harusi isiyofanyika. Anayeimba ni kijana ampendaye binti kwa moyo wake wote, amwita malaika, na kusudi lake ni kumwoa. Ila mkononi hana kitu, basi hawezi. Ndiyo habari yote ya wimbo ule. Nasi twaupiga siku ya kufanikiwa kwa watu, kana kwamba ni wimbo wa ushindi!

Asiseme mtu kwamba mwalimu mzee ameiacha Biblia akaingia katika nyimbo za dansi. Sisi wa Morogoro hatuwezi kusema muziki wa dansi ni jambo la ugenini. Hapa ndipo marehemu Salum Abdallah alipoiongoza Cuban Marimba mpaka kifo chake mwaka 1965. Hapa ndipo marehemu Mbaraka Mwinshehe alipong'ara katika Morogoro Jazz, bendi iliyofika mpaka Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo ya mwaka 1970, kabla ajali ya gari haijamchukua huko Mombasa mwezi Januari 1979. Tena Bwana wetu mwenyewe alifundisha kwa mambo ambayo watu waliyajua: mbegu, chachu, wavu, sarafu iliyopotea. Kama wimbo umeketi katika masikio ya watu, mwalimu hufanya vema kuanzia hapo.

Basi tutazame habari ya wimbo huu. Ulirekodiwa nchini Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1960 na Fadhili William, ambaye alifariki mwaka 2001. Miriam Makeba wa Afrika Kusini akauchukua, na mwaka 1965 ukatoka katika sahani aliyoifanya pamoja na Harry Belafonte huko Marekani. Mwaka 1981 kikundi cha Boney M. cha Ujerumani kikautoa kwa mtindo wake, na mwaka 1991 Angélique Kidjo wa Benin naye akaurekodi. Kwa njia hiyo maneno ya Kiswahili ya kijana asiye na mali yalizunguka dunia nzima.

Lakini ni nani aliyeutunga? Hapo ndipo ulipozuka ubishi ambao haujaisha. Fadhili William alisema ni wake. Naye Adam Salim, Mtanzania, alidai kwamba aliutunga yeye alipokuwa akiishi Nairobi katika miaka ya 1940, na wapo wengine pia ambao majina yao yametajwa. Mimi si hakimu wa shauri hilo. Nitasema tu habari inayosimuliwa kumhusu Adam Salim, kwamba alimpenda binti mmoja, wazazi wa binti hawakukubali, na binti akaozwa kwa mtu mwenye mali. Awe ameutunga yeye au mwingine, maneno ya wimbo yasema jambo lile lile: upendo upo, fedha haipo.

Tazameni jambo hili la ajabu. Wimbo unaolilia ukosefu wa fedha ulikuja kuwaletea fedha watu wengi wa mbali, na walioutoa kinywani mwao wakabaki wakishindania jina. Wimbo wa mapenzi ukaingia katika daftari la hesabu. Neno hili daftari naomba mlishike, maana tutalirudia.

Ndugu zangu, ninalotaka tuone ni hili. Katika wimbo ule mna umaskini, mna huzuni, mna kutengana. Lakini hamna upendo uliofifia. Yule kijana hakuacha kupenda. Alikosa vyote isipokuwa kupenda. Sasa tujitazame sisi tuliopata vyote. Mahari ililipwa. Kamati ilikaa, michango ikapitishwa, kadi zikagawiwa, ukumbi ukapambwa, keki ikakatwa. Kasisi akawafungisha ndoa mbele ya mashahidi, na cheti kikaandikwa. Baada ya miaka kumi au ishirini, nenda katika nyumba ile jioni. Huyu anakula mapema, yule anakula baadaye. Wakisemezana ni juu ya ada ya shule na luku iliyokwisha. Hakuna ugomvi ambao jirani angeweza kuusikia. Ni kimya tu. Je, kati ya hawa wawili na yule kijana wa wimbo, nani maskini?

Nabii Hosea alikuwa na neno kwa hali hiyo. Katika mlango wa 6, aya ya 4, Mungu awalalamikia watu wake kwamba wema wao ni kama wingu la asubuhi, na kama umande unaotoweka mapema. Sisi tukaao chini ya Uluguru hatuhitaji mfafanuzi wa maneno hayo. Mtu wa Bigwa au wa Kilakala akiamka alfajiri wakati wa masika huona kilele cha Lupanga kimefunikwa kabisa. Ukungu ule ni mzito, waweza kudhani utakaa siku nzima. Lakini jua likipanda kidogo hauuoni tena, wala hakuna aliyesikia kishindo chake ulipoondoka. Hivyo ndivyo upendo wa wengi unavyoondoka. Hauvunjiki kwa kishindo kama chungu. Watu wakija kushtuka, umekwisha.

Nitaongeza mfano wa pili kutoka milima hii hii, maana ukungu huondoka wenyewe, lakini upendo una sababu ya kuondoka. Wakulima wa Uluguru wajua habari ya udongo. Shamba la mteremkoni haliharibiki kwa mvua moja. Kila mvua huchukua ukoko mwembamba tu, nao hushuka mtoni, na mto wetu hufika Ruvu ukiwa mwekundu, na Ruvu huupeleka baharini. Ukiutazama mto mwekundu, ujue kwamba shamba la mtu linapita. Mwenye shamba mwaka wa kwanza haoni tofauti, wala mwaka wa pili. Mwaka wa kumi anapanda mahindi na kuvuna mabua.

Sasa wazee wetu wanakumbuka kwamba katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliona uharibifu huo, ikawaamuru watu wachimbe matuta ya ngazi milimani. Nia ilikuwa kuzuia udongo, lakini ilikuja kwa amri na kwa faini. Mahali pengi udongo wenye rutuba ni mwembamba, na kwa kuchimba ngazi ule udongo mzuri ulifukiwa chini na ule mbaya ukaja juu. Watu wakachoka, na mwaka 1955 huko Matombo wakainuka kuyakataa matuta kwa ghasia. Lakini nendeni Mgeta, mkaone bustani za mboga zilizopangwa kwa ngazi mlimani. Hizo watu huzitunza kwa mikono yao, msimu hata msimu, wala hakuna afisa asimamaye na fimbo. Ngazi ni ngazi; tofauti ni moyo wa aichimbaye. Hali kadhalika ndoa. Huwezi kuushika upendo kwa amri, kwa kufokeana, au kwa kumkumbusha mwenzako alilipiwa kiasi gani. Lakini pia hautakaa bila kufanyiwa kazi. Wanaosema, "Kama ni upendo wa kweli utajitunza wenyewe," hao hawajalima mteremkoni.

Je, ni mvua gani inayouchukua udongo huu? Katika maisha yangu ya ualimu nimewasikiliza wazazi wengi waliokuja shuleni kwa ajili ya watoto, na nimeona kwamba mara nyingi si umaskini. Wapo maskini wapendanao mpaka kufa. Ni ile habari ya daftari. Mwalimu ana haki ya kushika kalamu nyekundu na kuhesabu makosa, kwa sababu mwanafunzi yumo katika mtihani, na mtihani una mwisho wake. Lakini mume si mtahiniwa wa mke, wala mke si mtahiniwa wa mume. Ukimwona mtu akisema, "Mwaka ule ulipougua ni mimi niliyekuuguza, mwaka ule nyumba ilipoezekwa ni fedha yangu, ndugu zako walikuja mara tatu, wangu mara moja," jua kwamba daftari limefunguliwa katika nyumba ile. Na likifunguliwa na mmoja, mwenzake naye hununua la kwake. Kisha wawili hao hukaa wakilinganisha madaftari mpaka uzee. Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho, katika mlango ule wa 13, aliweka miongoni mwa sifa za upendo kwamba hauweki kumbukumbu ya ubaya uliotendewa. Hakusema kwamba ubaya haupo. Alisema hauandikwi.

Nasi wazazi tujihoji, maana mara nyingi daftari hilo limefunguliwa na sisi kabla vijana hawajafika kanisani. Yakobo alikuwa kijana asiye na mali, kama yule wa wimbo. Akatumika miaka saba kwa ajili ya Raheli, na Biblia yasimulia katika Mwanzo 29 kwamba kwa jinsi alivyompenda aliiona kama siku chache. Hilo ni daftari lililopotea! Lakini Labani, baba mkwe, hakupoteza la kwake. Alimdanganya kijana, akampa Lea kwanza, akapata miaka saba mingine ya kazi. Twapenda kumsifu Yakobo. Je, tumesoma mlango wa 31? Hapo Lea na Raheli wasema kwa uchungu kwamba baba yao aliwahesabu kama watu baki, akapokea thamani yao na kuitumia yote. Mabinti hawakusahau.

Katika Uluguru watoto ni wa ukoo wa mama, na ardhi hurithiwa kwa njia ya ukoo huo. Mila hiyo yatukumbusha kwamba binti haondoki kwao kama mbuzi atokaye mnadani. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 nayo yasema kwamba ndoa haiwi batili kwa sababu mahari haikulipwa, na yaieleza ndoa kuwa ni muungano wa hiari. Sisemi mahari ifutwe. Mahari ni shukrani na ushuhuda kati ya koo mbili, nayo ina heshima yake. Nasema isiwe bei. Na hii michango ya harusi isiwe mashindano, hata vijana wakaingia nyumbani mwao na deni la siku moja lenye kulipwa mwaka mzima. Wimbo Ulio Bora, mlango wa 8 aya ya 7, wafundisha kwamba upendo ni moto ambao hata mafuriko hayauwezi, na kwamba mtu akijaribu kuununua kwa mali yote ya nyumbani mwake, atachekwa. Nanyi angalieni kwamba katika kiapo cha ndoa tunachotumia kanisani umaskini umetajwa waziwazi, pamoja na ugonjwa. Kanisa halikuwaficha vijana wetu kwamba siku za kukosa zitakuja. Liliwataka waahidi kabla hazijaja.

Sasa wapo wanaosoma maneno haya na kusema moyoni, "Mwalimu, umechelewa. Kwetu ukungu umekwisha kuondoka." Kwako wewe nina neno la Bwana kwa kanisa la Efeso. Katika Ufunuo mlango wa 2, Bwana awasifu Waefeso kwa kazi na saburi. Hawakuwa wavivu, wala hawakuikana imani. Ila ana neno moja juu yao: wameuacha upendo wao wa kwanza. Ndoa nyingi ziko hivyo. Kazi ipo, saburi ipo, watoto wanasoma, ibada hawakosi. Upendo wa kwanza umeachwa. Bwana awapa dawa yenye sehemu tatu, nayo yafaa nyumbani kama ifaavyo kanisani.

Kwanza, kumbuka. Wakumbuke ni wapi walikoanguka. Mume na mke waketi siku moja bila redio na bila simu, wasimuliane walionana wapi mara ya kwanza, na alivaa nini, na nani alipeleka barua. Mtoto akipita akasikia wazee wanacheka, itamfaa kuliko hotuba yangu hii.

Pili, tubu. Kila mmoja alichane daftari lake mwenyewe. Asiombe kwanza kuliona la mwenzake.

Tatu, yafanye matendo ya kwanza. Ndugu, lishikeni sana neno hili. Bwana hakuwaambia Waefeso wangoje mpaka mioyo iwake ndipo watende. Aliwaambia watende. Sisi hudhani upendo ni moto wa kwanza, na matendo ni moshi wake tu. Maandiko yaweka matendo kama kuni. Ulikuwa ukimsindikiza mpaka kituo cha basi? Msindikize. Ulikuwa ukimwuliza habari za siku yake na kungoja jibu? Uliza, na ungoje. Ulikuwa ukimwachia kipande kizuri cha nyama? Kipande kile hakijapanda thamani kuliko yeye. Ni mambo madogo, lakini udongo nao hurudi shambani kwa kapu moja moja la samadi.

Nisieleweke vibaya hapa. Kuna nyumba ambamo si upendo uliopoa tu, bali mna kipigo na hofu. Mwenye kupigwa asiambiwe na mtu yeyote katika usharika huu kwamba kazi yake ni kuvumilia na kupika vizuri zaidi. Huyo alindwe kwanza. Aende kwa kasisi, kwa Umoja wa Mama, kwa ndugu, na kwa vyombo vya serikali. Na kwa wale ambao mgogoro umewashinda, sheria ile ya mwaka 1971 iliweka Mabaraza ya Usuluhishi ya Ndoa, ambayo kwa kawaida shauri hupita kwanza kabla ya mahakama kusikiliza maombi ya talaka. Si aibu kuketi mbele ya wasuluhishi. Aibu ni kukaa miaka ishirini katika nyumba moja kama wapangaji wawili.

Mwisho, turudi kwa Hosea, maana yeye hakuhubiri tu juu ya upendo uliofifia; uliingia nyumbani mwake. Mlango wa 3 wasimulia kwamba Mungu alimtuma aende akampende tena mwanamke aliyekuwa mzinzi, naye akamnunua kwa vipande 15 vya fedha pamoja na shayiri. Wengi wamefahamu kwamba ni mke wake yule yule aliyemwacha. Fikirini maana yake: alilipa mahari ya mtu aliyekuwa tayari wake. Kwa hesabu ya daftari huo ni upumbavu. Lakini ndivyo Mungu alivyotutendea sisi. Tulikuwa wake kwa kuumbwa, tukaondoka, akatununua tena kwa damu ya Mwanawe. Yule kijana wa wimbo alipenda akakosa cha kulipa. Kristo alipenda, akalipa yote, wala hatukumbushi bei kila asubuhi.

Basi safari nyingine mtakaposikia matarumbeta yakipiga "Malaika", furahini pamoja na maharusi, maana ni vema. Lakini mume amtazame mke wake, na mke amtazame mume wake, wakajiambie mioyoni: sisi tulipewa kile ambacho mwimbaji huyu alikilia, nasi tumekitunzaje? Na wazazi wenye binti au kijana wa kuoza wajiulize kama kwa ajili ya mali hawatungi wimbo mwingine wa machozi.

Ee Mungu uliye upendo, wahurumie wote ambao ndoa zao zimepoa. Wape kukumbuka, wape kutubu, wape mikono ya kufanya matendo ya kwanza. Uwalinde wanaoishi kwa hofu. Wafariji waliopenda wakakosa. Na upendo wetu kwako usiwe ukungu wa Lupanga, bali uwe kama chemchemi za milima hii zisizokauka hata wakati wa kiangazi. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Wenu katika Kristo,
Mwalimu Mstaafu